Malalamiko ya Abiria wa Kiti 2A Aliyeshinda na Njaa Daraja la Kwanza

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Abiria,
Shirika la Ndege la Hudihudi,
Maskati.

Toronto, Jumatatu, tarehe 19 Mei.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na jamaa zako, na marubani wako, na wale vijana wanaopakia mizigo, ambao sikuwaona lakini nawaombea heri. Jina langu ni Enayatollah Golabchi, mwenyeji wa Kashan, mji wa Waajemi, mwalimu mstaafu wa jiografia. Kwa miaka thelathini na moja nimewavusha wanafunzi Bahari ya Atlantiki kwa fimbo, ubaoni, na hakuna hata mmoja aliyepata kichefuchefu. Mwezi huu nimeivuka mwenyewe kwa mara ya kwanza, ndani ya ndege yenu, daraja la kwanza, kiti 2A, kutoka Maskati hadi Toronto, saa kumi na nne. Kiti hakikuwa na dosari. Ndege haikuwa na dosari. Wahudumu wenu ni watoto waliolelewa vizuri na mama zao.

Ndiyo maana nalalamika.

Kwanza habari yenyewe. Binti yetu Mahnush amejifungua mtoto wa kiume huku Toronto, na mume wake Fariborz alitaka mimi na mke wangu Eshrat tuje tumwone mjukuu. Fariborz anasafiri kila mara kwa kazi ya kutengeneza lifti, na ndege zenu humpa pointi. Alikuwa na pointi za kutosha kiti kimoja tu cha mbele. Akatukatia tiketi mbili za nyuma, kisha akatuambia kwa simu, "Baba, mkifika kaunta ya Maskati mtachagua wenyewe nani akae daraja la kwanza." Ni kijana mzuri, lakini ameishi Toronto miaka mingi na amesahau. Kuwaambia watu wawili wa Kashan wachague nani akae pazuri ni kuwatafutia ugomvi.

Na ugomvi umekuja, Mheshimiwa, tena ule mbaya. Mke wangu, tuliyeoana miaka arobaini na moja sasa, hanipigii kelele. Angenipigia kelele ningeshukuru, ningejibu, tungemaliza. Ananiheshimu. Leo ni siku ya kumi na moja ananiheshimu mfululizo, na mimi sina raha, sipati usingizi, na mjukuu akinitazama naona kama na yeye anajua. Chanzo ni shirika lako. Naomba nieleze kwa mpangilio.

1. Kaunta ya Maskati.

Alikuwapo binti mmoja, kibandiko kifuani kilisema Marisel, wa Ufilipino, ambaye kwa kufanya kazi na watu wetu amejifunza Kiajemi cha kutosha kuulizia mabegi. Akatuuliza kwa tabasamu nani atakaa mbele. Nikamwambia mke wangu, "Mama Mahnush, kaa wewe. Mgongo wako huo." Akasema, "Hapana, kaa wewe, miguu yako mirefu." Hiyo ni moja. Nikasema, "Nikae mbele nikuache nyuma? Watu watanionaje?" Akasema, "Hapana, nimesema kaa wewe. Mimi nyuma pananitosha." Hiyo ni mbili.

Wewe ni mtu wa pande zetu, Mheshimiwa, hesabu hii unaijua. Mtu akikaribishwa hukataa mara mbili. Ya kwanza ni adabu. Ya pili ni kumpa anayekaribisha nafasi ya kuonyesha kwamba hakuwa anatania. Mara ya tatu hukubali kwa shingo upande, huku ameshanawa mikono. Sisi tunaita taarofu, na mtoto wa Kashan huijua kabla ya kujua kufunga viatu. Basi mara yangu ya tatu ilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Hapo ndipo Marisel aliponiambia, "Bwana, mama amesema hapana," kana kwamba nina ugonjwa wa masikio, na mashine yake ikatema karatasi yenye jina langu.

Sitaficha kitu, umri wangu si wa kuficha. Kati ya mara ya pili na ya tatu nilinyamaza kidogo. Ukutani nyuma ya kaunta mmetundika picha ya kiti kinacholazwa kikawa kitanda, na bwana mmoja amejinyoosha juu yake na sahani ya mishikaki kando. Niliitazama. Inawezekana nilimeza mate. Lakini picha mliitundika ninyi.

2. Chakula.

Tulipokaa, na ndege haijaruka bado, alinijia mhudumu wenu Tomasz, Mpolandi, mrefu, mpole, nywele kama mtoto wa shule siku ya kupigwa picha. Alileta kahawa na tende. Nikaweka mkono kifuani nikasema, "Hapana, ahsante, usijisumbue." Akasema, "Sawa, bwana." Akaondoka. Mheshimiwa, aliondoka! Nikabaki na mkono kifuani nikitazama tende zikienda zake.

Nilidhani ni mgeni kazini. Akaja na kitambaa cha moto. "Hapana, usijisumbue." "Sawa, bwana." Akaja na juisi ya komamanga, tunda la kwetu, nimekua nalo. "Hapana, hapana." "Sawa, bwana." Kisha kikaja chakula cha mchana: supu ya dengu, mguu wa mwanakondoo, wali wa zafarani uliotapakaa lozi. Tomasz akainama, akaniuliza kwa sauti ya daktari kama ningependa kula. Nikamwambia, "Mimi? Hapana, kijana wangu. Wape wenye njaa." Kwa mtu yeyote wa Kashan maneno hayo maana yake ni lete sahani mbili. Tomasz akasema, "Sawa, bwana," akawapa wenye njaa.

Saa ya tano angani nikabadili mbinu. Niliacha orodha ya vyakula wazi mapajani, kidole kwenye mwanakondoo. Nilipumua kwa nguvu. Tomasz alipopita nikasema, bila kumlenga mtu, "Harufu hii!" Akaniomba radhi sana kwamba harufu ya chakula inanikera, akavuta kile kimlango cha pembeni akanifungia ndani, akanifunika blanketi, akawasha taa ndogo nyekundu. Nilisoma maandishi yake kwa miwani. Yalisema: Usinisumbue.

Taa ile iliwaka kwa jumla ya saa tisa. Hakuna mhudumu aliyenisumbua. Mchana kutwa, maana tulikuwa tunalikimbiza jua kwenda magharibi, nilisikia vijiko vikigonga sahani upande wa pili wa kimlango, nikaamua kufa na tai shingoni. Na ramani yenu ya kwenye skrini, nisisahau, imeiweka Kashan mahali pa mji wa Qom. Hilo nitaliandikia barua yake.

3. Daktari Duncan.

Kwenye kiti cha jirani alikaa daktari wa meno wa Kanada aitwaye Duncan, mtu wa mashavu mekundu na furaha. Miguuni pangu nilikuwa na sanduku la vitamu vya lozi na hiliki, la bati, lenye picha ya bulbuli, alilolipakia mke wangu kwa mkono wake kwa ajili ya wazazi wa Fariborz. Kabla sijafungiwa, Duncan aliliona akasema, "Sanduku zuri sana hili!"

Nikamjibu kama baba yangu alivyonifundisha: "Ni lako. Halina thamani mbele yako."

Akasema, "Kweli? Umenifurahisha mno!" Akalichukua. Alilichukua kwa mikono miwili, akaliweka mapajani, akalifungua, akaanza kula. Nilihesabu kwa masikio kupitia kimlango: vitamu kumi na vinne kabla hatujaimaliza Ulaya. Siwezi kumlaumu, nilimwambia ni lake. Na ana ubinadamu, maana alichungulia mara moja akaniambia, "Karibu kimoja, rafiki." Nikasema, "Hapana, ahsante." Akasema, "Sawa," akafunika bati.

Nilikaribishwa mali yangu mara moja tu, Mheshimiwa. Lawama si ya Duncan bali yenu, kwani abiria mnampa maelezo ya fulana ya kujiokolea, mnamwonyesha mpaka filimbi. Lakini kumweleza kwamba ameketishwa jirani na mtu wa Kashan, na achukue tahadhari gani, hamkuona haja.

4. Pajama.

Nilikataa pajama. Nilikataa mara moja. Nililala nimekaa, na suti yangu ya mahafali, kwa sababu kitufe cha kulaza kiti nilichoonyeshwa nilisema nakijua.

5. Pazia, na jinsi rubani alivyonikatiza.

Saa ya kumi angani njaa ilikuwa imepita tumbo ikafika magotini, lakini naapa si njaa iliyoniinua. Nilikumbuka mara ya tatu ambayo haikusemwa. Nikasema, Enayat, nenda ukamalize neno lako kama mwanamume. Nikafungua kimlango, nikapita pazia, nikaingia huko nyuma.

Nilitegemea kumkuta mke wangu amejikunyata, analia kidogo. Nilimkuta amevua viatu, amekalia viti viwili, anacheka na muuguzi mmoja wa Ghana aitwaye Efua mpaka machozi yanawatoka. Wala hawakuwa na lugha ya pamoja. Mapajani alikuwa na mfuko wetu wa safari: katlesi za viazi, mkate, matango, na chupa ya maji ya waridi ambayo sijui aliipitishaje kwa wakaguzi. Harufu ya zile katlesi, Mheshimiwa! Nilishika kiti cha mtu.

Nikasema, "Mama Mahnush, inuka ukakae mbele." Akasema, "Hapana, ahsante, nipo vizuri." Sasa utauliza kama hiyo haikuwa ya tatu. Nami niliifikiria pale pale, nimesimama. Lakini wanaojua mambo haya watakuambia kwamba hesabu ikikatizwa kwa saa kumi, na nchi saba zikipita chini yake, huanza upya. Kwa hiyo ilikuwa ya kwanza. Nikasema tena, akakataa tena. Ya pili. Naye akaninyooshea katlesi: "Basi kula hii, umekonda uso." Nikasema, "Hapana, nimeshiba, huko mbele wanatulisha kama harusini." Akasema, "Chukua moja tu." Nikasema, "Sitaweza, kifua kimejaa." Kwa hiyo wote wawili tulikuwa tumefika mbili, mimi kwa kiti na yeye kwa katlesi. Tulikuwa tumebakiza neno moja kila mtu, na mambo yote yangekwisha.

Hapo rubani wako akatangaza mtikisiko. Taa za mikanda zikawaka. Tomasz akaja mbio, akanishika kiwiko kwa upole, akanirudisha 2A, akanifunga mkanda, akanifungia kimlango, akawasha ile taa. Wakati ananiongoza niligeuka, nikamwona Efua anakula katlesi yangu. Aliikubali mara ya kwanza! Na mke wangu akampa ya pili.

Ninauliza kwa heshima zote: mtikisiko ule usingeweza kungoja sekunde kumi?

6. Kiti cha magurudumu.

Tulipotua nilisimama, nikaona nyota, nikakaa. Akaja mfanyakazi wa uwanja akaniuliza kama nahitaji kiti cha magurudumu. Nikasema ndiyo.

Nilisema ndiyo mara ya kwanza. Mimi, mtoto wa Hajj Nasrollah Golabchi, ambaye harusi ya mpwa wangu ilianza bila bwana harusi kwa sababu mimi na baba mkwe tulikuwa bado mlangoni kila mmoja anamwambia mwenzake atangulie, na bwana harusi yuko nyuma yetu hana pa kupita. Miaka sitini na nane ya malezi imeisha kwa neno moja, mbele ya mgeni. Mahnush aliponiona nasukumwa kutoka daraja la kwanza, uso wa kijivu, alipiga ukelele akidhani ni moyo. Nyuma yangu Eshrat alikuja anatembea, mashavu yanang'aa, ameshikana mkono na Efua. Fariborz akaniuliza, "Baba, chakula kilikuwaje?" Nikamwambia, "Cha ajabu."

7. Heshima.

Hapa ndipo penye kidonda. Tangu siku ile mke wangu ananiita Mheshimiwa Mwalimu. Zamani alikuwa ananiambia, "Wewe mzee, chumvi!" na chumvi inapita. Sasa anasema, "Mheshimiwa Mwalimu, kama si usumbufu, naomba unisogezee chumvi." Nikimsogezea anasema, "Nashukuru sana, Mungu akuzidishie." Nikimuuliza kama ana hasira anasema, "Hasira ya nini? Nakutakia siku njema." Anabisha hodi akiingia chumba tunacholala wote. Juzi nilimkaribisha chai niliyoipika mwenyewe, akasema, "Hapana, ahsante." Nikamkaribisha ya pili, akasema, "Hapana, ahsante." Nikamkaribisha ya tatu, Mheshimiwa, ya tatu, nikiwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Hapana, ahsante," akaenda kumwogesha mjukuu. Nilibaki na kikombe. Nikakinywa mwenyewe, kimepoa, na sikuona utamu wake.

Nampenda mke wangu. Sijazoea kuandika hivi kwa mkurugenzi, lakini bora ujue tunazungumzia nini. Nilimnyima kitanda cha angani kwa sababu binti wa kaunta alikuwa na haraka, na sasa amenifanya mgeni nyumbani kwa binti yangu. Nikirudi Kashan na mke anayeniheshimu hivi, majirani watasema tumeachana.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, yafuatayo.

Kwanza, wahudumu wenu wote wafundishwe kuuliza mara tatu. Kahawa mara tatu, kitambaa mara tatu, chakula mara tatu, na kwa mwanakondoo mara nne kwa usalama. Neno "Sawa, bwana" lipigwe marufuku ndani ya ndege mpaka ombi la tatu liwe limejibiwa.

Pili, ile taa nyekundu ing'olewe. Mahali pake iwekwe nyingine inayosema: Nisumbue, nitakataa kidogo.

Tatu, makarani wa kaunta wasitoe karatasi yoyote kwa mume na mke kabla hesabu haijafika tatu kwa kila upande. Najua foleni itakuwa ndefu. Na kwa kuwa haki haigawiwi nusu nusu, abiria wote wapewe nafasi ya kuwakaribisha wenzao viti vyao, wa mbele wawakaribishe wa nyuma na wa nyuma wakatae, na ndege isiruke mpaka kila mtu amekataa mara mbili. Kwa ndege ya watu mia tatu nimekadiria ni siku moja na nusu, jambo linalovumilika kwa watu wastaarabu. Rubani naye akitaka kurusha, amkaribishe kwanza rubani msaidizi.

Nne, mtikisiko usitangazwe watu wakiwa kwenye mbili.

Tano, kila ndege iwe na mtu mzima mmoja wa Kashan, mwenye suti, atakayekaa daraja la kwanza na kuwaelekeza wahudumu abiria yupi akisema hapana ana njaa. Najitolea. Nikikataa uteuzi, tafadhali niandikieni tena.

Sita, na hili ndilo kubwa, mengine yote mnaweza kuyaacha. Naomba barua kutoka ofisi yako, yenye muhuri, iandikwe kwa Bibi Eshrat Golabchi, imweleze kwamba kanuni za usafiri wa anga zinalazimisha mwenye miguu mirefu kukaa mbele, kwamba mumewe alipinga kwa sauti kubwa, na kwamba ilibidi ashikwe na watu wawili. Kama wakili wenu ataona wawili ni wengi, andikeni mmoja.

Nakusihi usione nimekuja kwa shari. Nisalimie rubani, mwambie alitua vizuri. Msalimie Tomasz, na nywele zake. Marisel naye msalimie, ingawa ndiye aliyeanza. Ukimpata Daktari Duncan mwambie sanduku ni halali yake, ila bati lile mke wangu hutilia uzi na sindano, kwa hiyo akimaliza vitamu naomba alirudishe. Wasalimie wahudumu wote waliolala na waliosimama, na wake zenu, na mama zenu, na yeyote atakayeifungua bahasha hii kabla yako.

Ni mimi, mtumishi wako asiyestahili hata kukaa 2A,

Enayatollah Golabchi
Mwalimu Mstaafu wa Jiografia

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha mke wangu alipobisha hodi na kuingia. Aliniomba barua kwa ile heshima yake, nikampa, akaisoma yote amesimama. Kufika kwenye pajama alicheka. Kufika ombi la sita hakucheka. Akaketi kitandani, akaniita jina langu, ambalo sijalisikia kinywani mwake kwa siku kumi na moja. "Enayat," akasema, "mimi sikutaka kiti. Nilitaka kukaa nyuma, nile katlesi zangu kwa mkono, nivue viatu, nisiulizwe kitu na mtu. Nilisema hapana."

Nikamwambia, "Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Nilikuambia. Nilisema hapana."

Nikamuuliza na hii heshima yote ni ya nini, kama hana hasira. Akasema, "Yule binti wa kaunta ni mgeni kwangu, na alinisikia. Nikasema ngoja nizungumze na wewe kama mgeni, labda na wewe utanisikia."

Tangu saa ile nimekaa nahesabu, na si mara tatu tatu tena. Nahesabu hapana zake. Mapazia ya kijani alisema hapana mara mbili, nikanunua. Kuhamia karibu na shule yangu, mbali na dada zake, alisema hapana mara mbili, tukahama. Marehemu mama yangu alipotaka kuja kukaa nasi wiki mbili nilimwomba Eshrat ruhusa, akasema hapana, nikamwomba tena, akasema hapana, nikamwomba ya tatu, akakubali, nami nikajisifu kwa watu kwamba nimeoa mwanamke mwenye adabu za kale. Mama alikaa miaka kumi na tisa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, maombi yangu yote sita nayafuta. Wahudumu wako msiwafundishe kitu. Nimebakiza ombi moja, na hili nikiambiwa hapana nitalisikia: yule Marisel, aliyemtazama mke wangu usoni akamwamini, naomba uniulizie alifundishwa wapi, na kama wanapokea wanafunzi wa umri wangu.